Nionyeshe Spidi ya Saa Mbili Usiku

Kama umepanga Makole, Dodoma, hii stori unaijua kabla sijaifungua. Alfajiri waifai ya nyumbani inapaa kinoma: picha zinafunguka chap, video inaanza hapohapo, notsi za chuo zinashuka ukiwa bado unapiga mswaki. Ngoja sasa ifike saa mbili usiku. Watu wametoka job, wameoga, wameshapiga ugali, kila mtu kajilaza na simu yake. Kiduara kinaanza kuzunguka kwenye skrini, sauti inakatika, na uani utasikia mtu anapaza: "Oya, nani anashusha mizigo huko?"

Nina jambo moja na nalisema mapema: spidi unayoilipia ni ya saa mbili usiku. Ile ya alfajiri ni tamu, lakini saa hizo wengi bado wamelala. Anayetuuzia intaneti ya nyumbani atutajie ya usiku, kwa namba, kabla hatujatoa mpunga.

Makole ni chimbo la wapangaji. Ukiacha Kituo cha Afya ukazama mitaa ya ndani, unakutana na nyumba za vyumba vinavyotazamana, uani mmoja, bomba moja, luku ya kuchangia. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, mji umefura. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 ndani ya Jiji. Watumishi, wanachuo wa UDOM na CBE, mafundi, wauza nguo, vijana wa bodaboda, wote wanatafuta geto lisilo mbali na mjini, na siku hizi swali la kwanza kwa dalali likishapita la maji ni hili: faiba imefika?

Kwetu tuko wapangaji sita. Kifurushi ni cha elfu sitini kwa mwezi, kila chumba kinatoa msimbazi mmoja. Ruta ipo sebuleni kwa mama mwenye nyumba, pasiwedi anayo yeye, na tarehe za mwisho wa mwezi anapita mlango kwa mlango kwa upole wake: "Wanangu, mchango wa waifai." Hakuna anayekausha, maana ukikausha pasiwedi inabadilishwa na unarudi kwenye bando. Na bando, mwanangu, tulishalijua.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo utaelewa kwa nini kitaa kimekubali kuchanga. Kwenye ule mjadala mkali wa bando wa Novemba 2022, namba zilizotajwa na Serikali na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zilikuwa shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa MB moja. Chukua ile ya chini kabisa. Mechi ya dakika 90, picha ya kawaida nzuri inayokula megabiti 3 kila sekunde, inamaliza kama GB 2. Kwa shilingi 2.03 hiyo ni zaidi ya buku nne, na mapumziko hayamo, uchambuzi haumo, marudio ya goli hayamo. Mechi mbili na nusu zinakula msimbazi wote. Msimbazi huohuo kwenye mchango wa uani unakupa mwezi mzima. Dada wa chumba cha mbele, anayeuza nguo za mtumba grade one laivu mtandaoni, aliniambia wazi kwamba enzi za bando alikuwa anazima laivu akiona MB zinaisha, wakati huohuo wateja ndio wananoga. Biashara inakatwa katikati ya sentensi. Leo anakaa laivu hadi mteja wa mwisho aage.

Kwa hiyo mtu asije akasema tunalalamika kwa sababu hatuthamini. Faiba ya kuchanga imewatoa watu kwenye hali ngumu. Ndiyo maana ikizingua usiku inauma.

Sasa twende kwenye namba, taratibu. Bango likisema Mbps 20, hizo ni megabiti, na simu yako inapokuonyesha faili lina ukubwa gani, inahesabu kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Mbps 20 ni kama MB mbili na nusu kwa sekunde, na hapo njia yote uwe nayo peke yako. Faili la GB 1 litashuka kwa dakika kama 6 na sekunde 40. Dogo wa chumba cha kona ana PlayStation. Gemu lake likidai apdeti ya GB 50, hiyo ni zaidi ya saa tano na nusu za njia nzima bila mtu mwingine kugusa. Akiianzisha saa moja jioni ametulaza wote njaa hadi usiku wa manane. Hana ubaya, hakuna aliyewahi kumwambia. Wengi tunanunua kitu ambacho hatujui kinapimwaje, na muuzaji hana haraka ya kutufundisha.

Gawa hiyo 20 kwa uani wetu. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa picha ya 720, 5 kwa ile kali ya 1080, na 15 kwa 4K. Vyumba vinne vikiangalia video kali kwa pamoja, 20 imeisha. Bado laivu ya dada, bado mwanachuo yuko darasani mtandaoni, bado simu zote zinazopandisha picha za mchana kwenye hifadhi ya Google zenyewe, kimyakimya, zikishanusa waifai. Hili la kupandisha wengi hawalijui na ndilo linaloua gemu na simu za video. Njia ya kupandisha mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Ikijaa, hata kile kidogo unachotuma, ombi la ukurasa, jibu la gemu, sauti yako kwenye simu, kinasubiri foleni nyuma ya picha za harusi ya mtu. Unapima spidi ya kushusha unaona iko fresh, lakini kila kitu kinavuta miguu. Nenda kwenye mpangilio, zima picha zisipande zenyewe, uzipandishe mwenyewe usiku wa manane ukitaka. Utaona tofauti palepale.

Halafu kuna mambo ya ukutani. Siku fundi alipokuja kwetu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuitafuta ruta. Aliikuta nyuma ya TV, ndani ya kabati.

"Shikamoo mama. Hii ukiificha hivi mawimbi yatatoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nikiiweka nje si itapita na mtu?"

"Haitoki nje mama, inapanda juu tu. Juu ya kabati, mbali na TV."

Ikapanda juu ya kabati, na chumba cha nyuma kikapata uhai. Tofali la saruji linameza mawimbi, na mabati na nondo ndiyo kabisa. Tena waifai ya GHz 2.4, ambayo simu nyingi za bei ya kawaida zinaipenda, ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Makole nyumba zimebanana; simama uani ufungue orodha ya waifai uone majina yanavyoshuka hadi unachoka kusoma. Ruta zote hizo zinagombania chaneli tatu. Kama simu yako inashika GHz 5, hamia huko ukiwa karibu na ruta. Kuna nafasi zaidi, ila haipenyi kuta vizuri. Mwanachuo wetu yeye alivuta waya mrefu kutoka kwenye ruta hadi laptopu yake na akamaliza ugomvi na kuta zote. Huyo kichwa chake kinafanya kazi.

Hayo ni ya ndani, na yanarekebishika kwa jioni moja. Ya nje ndiyo yanahitaji tujue tunadai nini.

Faiba nyingi za majumbani duniani zinatumia mtindo unaoitwa GPON. Waya mmoja mwembamba wa kioo unatoka kwenye mtambo wa kampuni, unafika mtaani, halafu spilita, kijidude kisichohitaji hata umeme, kinaugawa mwanga kwenda nyumba 32 au 64. Ule waya mmoja unabeba kama Gbps 2.5 za kushusha na nusu yake kupandisha. Gawa 2.5 kwa nyumba 64 zote zikivuta kwa mpigo: kila moja inapata chini kidogo ya Mbps 40. Kwa hiyo kampuni ikiwauzia wote 64 Mbps 100 kila mmoja, imeuza zaidi ya mara mbili ya kilichomo. Hilo peke yake si wizi. Biashara yote ya intaneti ya nyumbani inasimama juu ya ukweli kwamba hatuvuti kwa pamoja, na ndiyo maana bei inafikika na watu wa kawaida. Ukitaka njia yako peke yako isiyogusa mtu, utalipa bei ya benki. Hata Nairobi, ambako kampuni ya Zuku iliingia kwenye nyumba nyingi kwa waya wa kebo uleule wa TV, mtaa mzima ulikuwa unagawana. Kosa linaanza pale wateja wanapoongezwa kila wiki na njia ya nyuma, ile inayouunganisha mtaa na dunia, haiongezwi.

Na hiyo njia ya nyuma ni ndefu. Video yako isipokuwa na nakala iliyohifadhiwa hapa nchini, inatoka nje, inapita baharini hadi Dar es Salaam, inapanda bara kilomita kama 450 hadi Dodoma. Mkongo wa Taifa, waya mkuu wa faiba nchini, ndio ulioitoa mikoa ya ndani gizani. Na kabla waya wa baharini wa Seacom haujatua Dar mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010, nchi ilitegemea satelaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu. Swali na jibu tu vilikuwa vinachukua karibu nusu sekunde angani. Waliokaa kwenye intaneti kafe za enzi hizo, wakilipia kwa dakika huku ukurasa unashuka mstari kwa mstari, wanajua tulikotoka.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nchi nzima ilijifunza jiografia hii kwa nguvu. EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia sana. Hali ilikuwa mbaya hadi ubalozi wa Marekani Dar ukafunga huduma kwa umma siku mbili. Sisi Dodoma, mbali kabisa na bahari, tulikuwa tunawasha na kuzima ruta kana kwamba tatizo liko sebuleni. Ndiyo maana nafurahi nikisikia waya mpya wa baharini umetua, kama 2Africa ulioingia Dar mwaka 2023. Njia zikiwa nyingi, moja ikikatika hatuzimiki wote.

Kuna kona hapa ya kuwa makini unapopima spidi. Programu nyingi za kupimia zinachagua seva iliyo karibu, labda Dar. Matokeo yanakuambia barabara ya Dodoma hadi Dar iko vipi, basi. Inawezekana hiyo iko safi halafu njia ya kwenda nje imejaa pomoni. Pima na Speedtest, kisha pima na Fast.com, ambayo ni ya Netflix na inavuta kutoka kwenye seva zao. Zikipishana sana, umeshapata fununu tatizo liko wapi. Pima ukiwa na waya kama unao, wengine wakiwa wameacha kutumia kwa dakika mbili, na upime usiku. Piga picha ya skrini kila mara. Ushahidi wa mchana hauna kazi.

Wapo wanaoniambia niachane na waya, nichukue ruta ya laini, 4G au 5G, unaiweka dirishani maisha yanaenda. Kwa mtu anayehamahama ni mchongo mzuri, na kwa mtaa ambao faiba haijafika ndiyo mkombozi. Lakini mnara wa simu nao ni wa kugawana, tena kwa watu wengi zaidi, na masafa ya hewani hayaongezeki kwa kuvuta waya mwingine. Saa mbili usiku mnara ni Coaster ya mwisho ya kwenda Nanenane: hakuna anayekosa kupanda, ila hakuna anayekaa. Tena soma masharti ya hivyo vifurushi visivyo na kikomo. Vingi vina kiwango fulani cha GB, ukikivuka spidi inashushwa hadi ujumbe wa maandishi ndio unapita kwa raha. Kiwango hicho kiandikwe kwa herufi kubwa kama ilivyoandikwa bei.

Hata satelaiti hazijapona kwenye hili. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na vijana wa Nairobi wakaipokea kwa shangwe. Novemba 2024 ikasitisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kama Kiambu na Machakos, kwa sababu nafasi ilijaa. Miezi kadhaa watu walikuwa na hela mkononi na hawakuuziwa. Nawaheshimu kwa hilo, nasema kweli. Walijua wakiongeza mtu mmoja zaidi, waliopo wataumia, wakafunga mlango.

Ila kuja kwao kulifanya kitu kingine kizuri. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha spidi za faiba ya nyumbani bila kugusa bei: wa shilingi 2,999 za Kenya wakatoka Mbps 10 hadi 15, wa 4,100 wakatoka 20 hadi 30, wa 6,299 wakatoka 40 hadi 80, na wa 12,499 wakaruka kutoka 100 hadi 500. Mteja amelala, ameamka ana spidi mpya kwa bei ileile. Ushindani ukiwa wa kweli, uwezo uliokuwa umefichwa unatokea. Dodoma ni makao makuu ya nchi, ina Bunge, ina wizara pale Mtumba, ina vyuo. Tunastahili kugombaniwa namna hiyo, na kwenye vitaa vya wapangaji siyo maeneo ya kishua tu.

Na sasa kile ninachokitaka hasa. Uingereza, tangu tarehe 23 Mei 2018, kampuni ikitangaza spidi ya nyumbani lazima itaje ile ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata saa za msongamano, saa mbili hadi saa nne usiku. Saa zilezile zinazotutesa Makole. Tangu Machi 2019 kampuni kubwa zilizosaini makubaliano ya msimamizi wao, Ofcom, zinampa mteja kiwango cha chini cha spidi kabla hajanunua. Ikishuka chini ya hapo na kampuni ikashindwa kurekebisha ndani ya mwezi, mteja anaondoka kwenye mkataba bila faini. Hakuna uchawi hapo. Kampuni zenyewe zina mitambo inayoonyesha kila usiku njia imejaa kwa kiasi gani. Namba ipo. Kinachotakiwa ni kuilazimisha itoke ofisini ifike kwenye bango.

TCRA wana ofisi ya kanda hapahapa Dodoma, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ambalo kazi yake ni kutusemea. Utaratibu ni kuanza na kampuni yako, upate namba ya malalamiko, kisha usiporidhika upande juu. Wengi wetu tunaishia kutukana kwenye grupu la WhatsApp la mtaa halafu tunalala. Hasira za grupu hazina namba ya kumbukumbu. Mpangaji mmoja akipeleka picha za vipimo vya usiku ni rahisi kumpotezea. Nyumba kumi zikipeleka, zote za mtaa mmoja, saa ileile, hapo kuna kesi.

Nyumbani tumeshajipanga. Dogo wa PlayStation anaanzisha apdeti saa sita usiku na asubuhi anakuta gemu liko tayari. Hakugoma hata kidogo alipoonyeshwa hesabu. Picha za simu zinapanda alfajiri. Dada akiwa laivu ya mauzo, anatangaza kwenye grupu la uani na watu wa 4K wanashuka hadi 720, kiroho safi, maana akiuza vizuri ndiye anayewalipia wenzake wawili mchango wao ukikwama. Mama kanunua kibetri kidogo cha ruta, ili umeme ukikatika tuwe hewani.

Wiki ijayo anakuja kijana wa mauzo wa kampuni nyingine, anataka kutuhamishia kwake. Mama ameshatuambia tukae wote uani siku hiyo, na maswali tumeyaandika. Spilita yenu ya mtaa huu ina nyumba ngapi? Kupandisha ni Mbps ngapi? Kuna GB mkizifikia mnatushusha? Usiku saa mbili, mteja wenu wa Makole anapata ngapi, na mtaiandika kwenye mkataba? Akitoa namba na akakubali kuiandika, misimbazi sita ipo mezani siku hiyohiyo.